Chuku Katika Tamathali, Ukweli Katika Tukio: Utani wa Wachezaji wa Bao kama Uhakiki, kwa Kurejelea Mazingira ya Karatu na Ngorongoro

Ikisiri

Makala hii inachunguza mazungumzo ya utani yanayoandamana na mchezo wa bao, hasa yale yanayorejelea michezo iliyopita na kuilinganisha na ule unaoendelea. Hoja kuu ni kwamba utani huo ni uhakiki: huchagua tukio, hulifasiri na kulitolea hukumu mbele ya hadhira yenye uwezo wa kuikubali au kuikataa hukumu hiyo. Kwa kuongozwa na mtazamo wa utendaji wa Bauman (1975) na kwa kuchambua msamiati wa bao la Kiswahili, makala inaonesha kwamba mtani wa bao ana ruhusa ya kutia chuku katika tamathali, lakini hana ruhusa ya kubadili tukio lenyewe. Kanuni hiyo inalinganishwa na utani wa mashabiki wa sataranji, wanaotegemea maandishi, na ule wa mashabiki wa mpira wa miguu, wanaotegemea idadi ya mabao. Mwisho, makala inadai kuwa uhifadhi wa urithi unaozingatia ubao na kete bila mazungumzo yake huhifadhi chombo na kuuacha mchezo upotee.

1.0 Utangulizi

Mahali popote panapochezwa bao huwa na watu wa aina tatu: wachezaji wawili, watazamaji wanaosubiri zamu, na wale ambao hawangojei zamu yoyote bali wamekuja kusema. Wataalamu wa mchezo wamewaangalia zaidi wale wa kwanza. De Voogt (1995), katika utafiti wake kuhusu ubingwa wa bao Zanzibar, alishughulikia uwezo wa akili ya bingwa, yaani namna anavyokokotoa mizunguko mirefu ya kete. Townshend (1982) aliuangalia mchezo huu kama kielelezo cha maadili ya Waswahili. Kundi la tatu, la wasemaji, halijapata nafasi inayolingana na kazi yake.

Katika fasihi simulizi, pengo hilo lina sababu ya kinadharia. Mulokozi (1989), katika uainishaji wake wa tanzu uliotumiwa sana madarasani, aliyaweka malumbano ya watani na soga chini ya utanzu wa mazungumzo. Uainishaji huo ulikuwa hatua kubwa, kwa kuwa uliyatambua mazungumzo kuwa sanaa. Hata hivyo, mazungumzo ya barazani kwenye bao hayatoshi ndani ya kijitanzu kimoja. Yana uchokozi wa malumbano ya watani na wepesi wa soga, lakini juu ya hayo yana jambo la tatu ambalo uainishaji huo haukulipa jina: hukumu juu ya kazi ya mtu mwingine, inayotolewa kwa vigezo vinavyojulikana. Hukumu ya namna hiyo juu ya riwaya au shairi huitwa uhakiki. Makala hii inashikilia kuwa hakuna sababu ya kuinyima jina hilo inapotolewa juu ya bao.

Ieleweke kuwa makala hii ni ya kihakiki, wala si ripoti ya utafiti wa uwandani. Mifano michache ya mazungumzo iliyomo imeundwa kwa ajili ya kufafanua hoja, na haidaiwi kuwa maneno ya mtu fulani. Msamiati wa mchezo, kwa upande wake, ni ule unaotumiwa na wachezaji wa bao la Kiswahili.

2.0 Karatu na Ngorongoro kama Mazingira ya Mazungumzo

Mjadala wa bao umezoea kuanzia pwani, na kwa sababu nzuri. Shairi la Muyaka bin Haji lijulikanalo kama "Bao Naligwa" linatosha kushuhudia kuwa mchezo huu ulikuwa mada ya ushairi Mombasa angalau katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Lakini pwani ina kasoro moja kwa anayetaka kuelewa utani wa bao. Huko wachezaji na watazamaji kwa kawaida hushiriki lugha moja ya kwanza, mitaa ileile na koo zinazofahamiana. Ni vigumu kutenga kile kinacholetwa na bao na kile ambacho watu wangekuwa nacho hata bila bao.

Karatu ni tofauti. Mji huu umekaa kando ya barabara itokayo Arusha kupitia Makuyuni na Mto wa Mbu kuelekea lango la Lodoare, mlango wa Hifadhi ya Ngorongoro. Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, ndio wengi wilayani. Wadatooga na Wamaasai huzungumza lugha za Kiniloti. Kuelekea Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, ambao lugha yao ina vidoko na haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Kwa hao wameongezeka wazungumzaji wa lugha za Kibantu waliofuata biashara, kazi za serikali, kilimo na utalii. Ni nadra kupata mahali pengine Afrika ambapo familia nyingi hivi za lugha zinakutana katika eneo dogo hivi.

Mazingira haya yana athari mbili kwa mada. Kwanza, watu wa asili hizo wanapokaa kwenye ubao mmoja, Kiswahili ndicho huwa lugha ya kutania. Si lugha ya kwanza ya wengi wao, na kwa hiyo kila istilahi ya bao huingia katika mazungumzo ikiwa bado na sura yake ya neno la kawaida. Pili, mila za michezo ya mashimo zinakutana. Wamaasai wana mchezo wao, enkeshui, unaochezwa kwenye safu mbili, ilhali bao la Kiswahili lina safu nne. Anayetoka kwenye enkeshui huja na maarifa ya kupanda kete na kula, lakini hukuta ubao wenye safu ya nyuma, nyumba na kanuni za kunamua. Analazimika kujifunza mchezo na lugha yake kwa pamoja.

Kuna jambo la tatu, linalohusu utani wenyewe. Utani wa makabila nchini Tanzania umeandikwa tangu zamani, kuanzia Moreau (1941), na nadharia ya Radcliffe-Brown (1940) iliueleza kuwa uhusiano unaoruhusu mtu kumchokoza mwenzake bila huyo kukasirika. Utani wa aina hiyo hurithiwa: mtu huzaliwa akiwa mtani wa kabila fulani. Mji wa njia kuu kama Karatu huwaweka pamoja watu ambao si wote wamerithiana utani, na baadhi yao wana kumbukumbu ya kunyang'anyana mifugo na malisho. Kwenye ubao utani haurithiwi. Unapatikana kwa kucheza. Aliyewahi kumfunga mwenzake, au kufungwa naye, tayari ni mtani wake, na uhusiano huo una tarehe ya kuanza inayoweza kutajwa. Ndiyo maana michezo iliyopita ina uzito katika mazungumzo haya: ndiyo nasaba ya utani wenyewe.

3.0 Msamiati wa Bao kama Lugha ya Uhakiki

Bao la Kiswahili huchezwa kwenye mashimo 32 yaliyopangwa katika safu nne, kwa kete 64. Kila mchezaji humiliki safu mbili. Mwanzoni ana kete 10 ubaoni, kati ya hizo 6 zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kete 22 mkononi. Katika awamu ya kwanza, ya kunamua, kete za mkononi huingizwa moja moja. Zikiisha, mchezo unaendelea kwa kete zilizo ubaoni tu. Hushinda anayeikausha safu ya mbele ya mpinzani au kumwacha bila mchezo wowote wa kucheza.

Kinachomhusu mhakiki ni majina ya vitendo. Mchezo unaokula kete za mpinzani huitwa mtaji. Usiokula huitwa takata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu inakwisha, na mchezaji husemwa amelala. Mashimo ya mwisho ya safu ya mbele ni vichwa. Mchezaji ambaye mtaji wake umefika katika nyumba yake wakati wa kunamua anaweza kuamua kuisambaza, na hapo huwa amesafiri. Anayeshinda wakati kete za mkononi hazijaisha amemfunga mwenzake mkononi.

Istilahi hizi zina sifa ambayo istilahi za kitaaluma aghalabu hazina: kila moja ni neno lenye maisha nje ya mchezo. Mtaji ni fedha ya kuanzia biashara. Kutakata ni kuwa safi. Nyumba, kichwa, kulala na kusafiri hazihitaji maelezo. Kwa hiyo mchambuzi wa bao hawezi kutoa maelezo ya kiufundi bila kugusa maisha ya mtu. Anaposema kuwa fulani "ametakata wee mpaka mtaji ukamwishia", ametoa tathmini sahihi ya kiufundi, kwamba mchezaji huyo alikosa nafasi za kula kwa zamu nyingi mfululizo. Wakati huohuo amemchora mtu msafi asiye na senti. Utani haukuongezwa juu ya uchambuzi. Umo ndani ya istilahi zenyewe, na mchambuzi asiyekusudia kuchekesha hulazimika kujitetea kwamba alikuwa anazungumzia kete.

Karatu inalipa neno moja kati ya hayo uzito wa pekee. Safari ndiyo riziki ya sehemu kubwa ya mji: madereva, wapishi, wauza mboga na wenye nyumba za wageni huishi kwa safari za watu wengine. Kumwambia dereva anayengoja wageni kwamba "leo amesafiri bila abiria" ni kueleza kwa usahihi kosa la kuisambaza nyumba pasipo kupata mtaji wa maana. Pwani usemi huo ungeeleweka. Huku unauma zaidi, kwa sababu msamiati wa mchezo na ule wa kazi umekutana katika neno moja.

Neno bao lenyewe lina historia ya namna hiyo. Ni ubao, ni mchezo, ni zana ya mpiga ramli, na ni goli katika mpira wa miguu. Kumpiga mtu bao ni kumshinda, na kupiga bao ni kutazamia. Maana hizi zinakutana katika jambo moja: alama zilizopangwa mbele ya mtu anayedai kujua kuzisoma. Mpiga ramli husoma yajayo. Mtani wa bao husoma yaliyopita, na tofauti yake na mpiga ramli ni kwamba waliozunguka ubao walikuwepo.

4.0 Utani Wenye Ushahidi

Bauman (1975) aliueleza utendaji wa sanaa ya maneno kuwa ni kukubali wajibu mbele ya hadhira: mtendaji anajiweka wazi kupimwa kwa ustadi wa namna anavyosema. Kwenye bao wajibu huo ni wa pande mbili. Msemaji hupimwa kwa anavyosema, na pia hupimwa kwa anachojua. Chukua mfano ufuatao wa kubuni, ambapo kijana anacheza na mzee na mtazamaji mmoja anaingilia:

Kijana: Shikamoo mzee. Leo nyumba yako naichukua mapema.
Mzee: Marahaba mwanangu. Juzi ulisema hivyohivyo, ukasafiri, ukalala kichwani.
Kijana: Juzi nililala, mzee wangu, lakini nililala nimeshiba.
Mtazamaji: Ulishiba kete nne. Mzee alikuwa ameshakula kumi na moja.

Katika kauli hizi nne kuna hatua tatu zinazorudi katika mazungumzo ya aina hii. Kwanza hutajwa tukio: mzee anakumbusha safari na mahali ilipoishia. Kisha hufuata tafsiri: kijana hakatai tukio, bali analipa maana nyingine kwa tamathali ya shibe. Mwisho huja hukumu, nayo inatoka kwa asiyecheza, tena kwa hesabu. Kinachoonekana wazi ni kile ambacho kijana hakukifanya. Hakusema kwamba hakulala. Angesema hivyo, utani ungekufa, kwa maana watazamaji wangeuacha mzaha na kuanza kubishania ukweli, na jina lake lingeharibika kuliko kufungwa kulivyoweza kuliharibu.

Hapa ndipo kanuni ya utanzu inapoonekana. Chuku inaruhusiwa katika tamathali, hairuhusiwi katika tukio. Mtani anaweza kusema kuwa nyumba ya mwenzake ilibomoka kama boma lililopitiwa na tembo, na hakuna atakayedai kuoneshwa tembo. Akisema ilikuwa na kete 12 ilhali zilikuwa 7, atasahihishwa hapohapo, pengine na mtu aliyekuwa amegeuza mgongo. Majigambo ya kishujaa huipa chuku uhuru mpana zaidi, kwa sababu aghalabu hadhira haikuwepo vitani. Soga nayo haina cha kuthibitisha, kwa kuwa matukio yake hubuniwa. Utani wa bao peke yake unaunganisha uhuru wa tamathali na nidhamu ya ushahidi. Muungano huo ndio unaoufanya uwe uhakiki. Mhakiki wa riwaya naye ana ruhusa ya kufasiri atakavyo, lakini hana ruhusa ya kumfanya mhusika atende asichotenda kitabuni.

Mfano huo unaonesha pia namna ya heshima. Shikamoo haikuachwa, na maneno mzee wangu na mwanangu yamebaki mahali pake. Mchezo haufuti daraja la umri, bali humpa mdogo njia ya kumpinga mkubwa akiwa ndani ya daraja hilo. Katika mkutano wa ukoo au wa kijiji, kijana anayemkumbusha mzee kosa lake la wiki iliyopita huonekana amekosa adabu. Kwenye ubao anakuwa ametoa hoja, ilimradi hoja iwe ya kweli. Wanaolilia utamaduni wa uhakiki usiomwogopa mkubwa wangeweza kuanza kuutafuta hapa.

Hata hivyo uhuru huu una mpaka. Baraza la bao kwa kawaida ni la wanaume, na mwanamke anayepita hapo huwa msikilizaji wa pembeni. Kwa hiyo vigezo vinavyoitwa vya wote vimetungwa na nusu ya jamii, na tamathali za nyumba iliyochukuliwa au iliyoachwa bila mlinzi zina mwelekeo wa kijinsia ambao watani wenyewe hawauhoji. Uhakiki huu unajua kulihukumu kosa la mchezaji. Haujajifunza kuihukumu lugha yake.

5.0 Kumbukumbu Bila Maandishi

Ulinganisho na sataranji unasaidia kuonesha kazi ambayo kumbukumbu hufanya kwenye bao. Jina sataranji limekuja kwa njia ya Kiarabu na Kiajemi, na asili yake ya mbali ni Kisanskriti. Mchezo huo una mfumo wa kuandika kila hatua kwa herufi na tarakimu. Kwa sababu hiyo mpambano wa Adolf Anderssen na Lionel Kieseritzky uliochezwa London mwaka 1851 unaweza kuchezwa upya leo na mtu yeyote, hatua kwa hatua, hadi pale Anderssen anapomtoa malkia wake kafara na kushinda kwa vipande vichache vilivyobaki. Vilevile, mashabiki wa leo wanaendelea kuwatania Karl wa Brunswick na Isouard, waliofungwa kwa hatua 17 na Paul Morphy katika jumba la opera la Paris mwaka 1858. Utani huo umepita karne moja na nusu bila shahidi hata mmoja aliye hai. Shahidi ni maandishi.

Bao halina mfumo wa maandishi unaotumiwa na wachezaji wake wa kawaida, na tofauti hiyo si ya elimu tu. Katika sataranji hatua moja kwa kawaida hubadilisha hali ya miraba miwili tu. Katika bao zamu moja yaweza kuzunguka mara kadhaa na kugusa mashimo mengi, ikala, ikapanda, ikala tena, kabla ya kulala. Kuandika kila badiliko kungeuchosha mkono, na kulikumbuka lote kungekuwa kazi ya wachache. Kwa hiyo kumbukumbu ya bao huchagua. Hushika vifundo: zamu ambayo nyumba ilipotea, safari iliyofanywa mapema, takata iliyomwachia mpinzani njia, kete ya mwisho ya mkononi.

Uchaguzi huu ni kazi ya kifasihi. Kinachobaki baada ya mchezo ni ploti: mwanzo, kosa, kipeo na mwisho. Wasemaji wa barazani ndio wanaoijenga, na wanaijenga kwa kubishana. Mmoja atasema mchezo uliharibika pale nyumba ilipochukuliwa. Mwingine atadai uliharibika zamu tatu kabla, kwa takata ambayo hakuna aliyeitilia maanani. Huu ni mjadala wa usababishi, ule ule ambao wahakiki wa tamthilia huufanya wanapotafuta mahali anguko la mhusika mkuu lilipoanzia. Ubishi unapomalizika, mara nyingi kwa mzaha uliokaa vizuri, mzaha huo ndio unaobaki kuwa jina la mchezo. Kesho utatajwa kwa maneno mawili matatu, na waliokuwepo watarudishiwa ploti yote.

Hivyo, kwa sataranji utani ni ziada juu ya kumbukumbu iliyokwisha kuhifadhiwa. Kwa bao utani ndio kumbukumbu. Ukiondolewa, mchezo haubaki mahali pengine popote.

6.0 Kutoka Mbinu Hadi Idadi

Inaweza kupingwa kwamba utani wa michezo haujawa hatarini hata kidogo. Mashabiki wa Simba na Yanga, klabu zilizozaliwa katika miaka ya 1930, huitwa watani wa jadi, na kejeli zao zinafika Karatu kwa kasi ileile zinavyofika Kariakoo. Mwaka 1977 Simba ilishinda kwa mabao 6, na mwaka 2012 kwa 5 bila jibu. Mwezi Novemba 2023 Yanga ilijibu kwa 5 dhidi ya 1. Majina kama Utopolo na Makolo yanajulikana na asiyewahi kuingia uwanjani, na mabao matano yana jina lake: kono la nyani.

Ubunifu wa lugha hapo hauna shaka. Kono la nyani ni tamathali yenye kuchekesha, yenye picha, na yenye ukali. Hata hivyo ni tamathali ya idadi. Haisemi bao la kwanza lilitokana na nini, wala nani aliacha nafasi wazi. Mtu ambaye hakuona mechi anaweza kuitumia sawasawa na aliyeiona, na asiyejua mpira anaweza kushinda malumbano kwa kutaja tarakimu. Kanuni ya ukweli wa tukio imezingatiwa, kwa kuwa matokeo yameandikwa, lakini tukio limepungua hadi kubaki matokeo.

Tofauti hii haitokani na mashabiki wa mpira kuwa na akili ndogo. Inatokana na ukubwa wa hadhira. Utani unaopaswa kueleweka na mamilioni lazima uegemee kile ambacho mamilioni wanakijua kwa pamoja, na hicho ni hesabu ya mwisho. Utani wa bao unategemea watu kumi waliouona mchezo. Hali kama hiyo inaonekana hata pale sataranji ya Afrika Mashariki ilipopata umaarufu. Maisha ya Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, yaliandikiwa kitabu na Tim Crothers, kisha yakatengenezewa filamu iliyotoka mwaka 2016. Mtazamaji hutoka akiijua safari ya msichana kutoka umaskini, jambo lenye thamani yake, lakini ni wachache watakaoweza kutaja hatua moja aliyoicheza. Umaarufu umemhifadhi mchezaji, haukuuhifadhi mchezo.

Hofu ya makala hii, basi, si kwamba vijana wa Karatu wataacha kutaniana. Ni kwamba watabakiwa na utani usiohitaji maarifa. Jamii inaweza kuwa na kejeli tele na uhakiki haba.

7.0 Kinachohifadhiwa na Kinachoachwa

Ngorongoro ni mahali ambapo neno kuhifadhi lina sheria, mipaka na lango. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1959, ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979 kwa sifa zake za asili, na mwaka 2010 ikatambuliwa pia kwa thamani yake ya kiutamaduni. Thamani hiyo ya pili ilijengwa hasa juu ya ushahidi wa historia ndefu ya binadamu, kama nyayo za Laetoli zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Nyayo hizo zimehifadhiwa kwa sababu zimeganda katika majivu ya volkano. Mazungumzo hayagandi.

Michezo ya mashimo inaonesha tatizo hilo kwa namna yake. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, yapo mashimo ya mchezo yaliyochongwa mwambani, na mgeni huweza kuyagusa. Anachoona ni ubao usio na mchezo. Hajui ni nani alicheka, wala ni kosa gani lililosimuliwa jioni ile. Kwa upande mwingine, Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika ulikusudia kulinda mambo kama hayo, na mwaka 2020 michezo ya jamii hii ya Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki iliingizwa katika orodha yake. Mlango upo. Swali ni kitakachopitishwa mlangoni: kanuni za mchezo na ubao uliochongwa vizuri kwa ajili ya duka la watalii, au pia maneno yanayoufanya uwe mchezo wa watu fulani.

Swali hilo si la nadharia pekee. Tangu mwaka 2022 wakazi wengi wa Hifadhi ya Ngorongoro wamehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao serikali inaueleza kuwa wa hiari, na ambao sehemu ya wakazi na watetezi wa haki za binadamu wameupinga. Si kazi ya makala hii kuuamua mgogoro huo. Lakini kwa mtazamo uliojengwa hapa, kuna hasara moja isiyoingia katika hesabu ya mifugo, nyumba na ekari. Utani wa ubao unategemea mashahidi. Anayehama anaweza kubeba ubao na kete, hata akachonga mashimo mapya ardhini siku ileile afikapo. Hawezi kubeba watu waliokuwepo siku alipomfunga jirani yake. Mzaha wake wa kwanza huko utahitaji maelezo, na mzaha unaohitaji maelezo umekwisha kupoteza hadhira yake. Ataanza upya kwa mchezo wa kwanza, bila nasaba ya utani.

8.0 Hitimisho

Makala hii imedai kuwa utani wa wachezaji wa bao ni uhakiki, na imekitambua kigezo chake cha ndani: uhuru wa tamathali ulioambatana na uaminifu kwa tukio. Kigezo hicho kinautenga na majigambo, soga na kejeli za mpira, na kinaeleza kwa nini hadhira yake lazima iwe ndogo na yenye maarifa. Mazingira ya Karatu na Ngorongoro yameonesha namna msamiati wa Kiswahili unavyowapa watu wa lugha na asili mbalimbali njia ya kutaniana ambayo si wote walioirithi.

Hatua mbili zinafuata. Ya kwanza ni ya uwandani: watafiti wanaorekodi bao warekodi pia wanaosema pembeni, waandike nani alikuwepo, na wairekodi michezo inayotajwa pamoja na maneno yanayoitaja, kwa kuwa moja bila jingine haieleweki. Ya pili ni ya darasani. Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa uhakiki kana kwamba ulianza na kitabu, ukaja na istilahi za kukopa. Angeweza kuanza na swali ambalo huenda amelisikia nyumbani kwao tangu utotoni, mchezo ukiwa umekwisha na kete zikikusanywa: uliharibika wapi? Anayejua kulijibu swali hilo kwa ushahidi, akalijibu kwa namna ambayo hata aliyefungwa anacheka, ameshajifunza sehemu kubwa ya kazi ya mhakiki.